Sukari yangu imepanda kidogo: niache matunda, au niendelee na juisi yake?

Swali: Mtaalamu, salaam. Nina umri wa miaka 57. Mwezi uliopita nilipimwa sukari asubuhi kabla ya kula chochote, ikasoma 6.4, na daktari akaniambia kwamba sijawa na kisukari ila niko njiani. Tayari natumia dawa ya shinikizo la damu na nyingine ya kupunguza lehemu. Tangu siku hiyo mke wangu ananikamulia glasi kubwa ya juisi ya machungwa kila asubuhi, bila kutia sukari hata chembe, akisema kwamba matunda ni dawa. Shemeji yangu, ambaye ana kisukari kwa miaka mingi na ameacha matunda kabisa, ananiambia kwamba juisi hiyo na matunda yote ni sukari tupu, na kwamba nikitaka vitamini ninunue vidonge. Nimsikilize nani? Na je, ni kweli kwamba matunda huliwa tumbo likiwa tupu tu?

Jibu: Ndugu yangu, matunda usiyaache; kinachopaswa kuondoka mezani pako ni ile glasi. Najua kwamba jibu hili halitamfurahisha sana yeyote kati ya wawili hao wanaokutakia mema, kwa hiyo nitaeleza sababu zake kwa urefu, nikianzia kwenye chungwa lenyewe.

Chungwa la wastani likishamenywa huwa na uzito wa gramu 130 hivi, na ndani yake mna sukari kama gramu 12 na nyuzinyuzi kama gramu 3. Sukari hiyo haikumiminwa ndani ya tunda kama maji ndani ya ndoo. Imefungiwa katika seli nyingi mno, na kila seli imezungushiwa ukuta wa selulosi na pektini, ambazo ndizo nyuzinyuzi zenyewe, vitu ambavyo mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuvivunja. Unapotafuna, meno hupasua baadhi ya seli hizo, na nyingine humezwa zikiwa nzima au nusu nzima, hivyo sukari iliyomo hutoka kidogo kidogo kadiri chakula kinavyosukumwa kutoka tumboni kwenda utumboni. Pektini nayo ikikutana na maji huvimba na kuwa nzito kama uji, ikalichelewesha tumbo kumwaga kilichomo na kuizuia sukari isizifikie kuta za utumbo yote kwa wakati mmoja. Kongosho, ambayo ndiyo kiungo kinachotoa insulini, yaani kichocheo kinachoiondoa sukari katika damu na kuiingiza katika seli za mwili, hupewa nafasi ya kufanya kazi yake bila pupa, na kwa mtu aliye katika hatua uliyofikia wewe nafasi hiyo ni jambo kubwa, kwa sababu tatizo lako kwa sasa ni kwamba mwili wako umeanza kuwa mzito kuitikia insulini.

Mashine ya kukamulia huvunja mpango huo wote katika dakika moja. Ili kupata glasi ya mililita 250 huhitajika machungwa matatu au manne, na glasi hiyo hubeba sukari kama gramu 21, yaani vijiko vitano vya chai, huku nyuzinyuzi zilizobaki humo zikiwa hazifiki gramu moja; nyingi zimebaki kwenye chujio na kuishia katika pipa la taka. Wewe umeandika kwamba glasi yako ni kubwa. Ikiwa inachukua mililita 400, basi kabla ya kifungua kinywa umekwisha kunywa zaidi ya gramu 30 za sukari.

Mke wako atasema, na kwa haki kabisa, kwamba hakutia sukari. Lakini katika mwongozo wake wa mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilitenganisha sukari za aina mbili kwa namna ambayo watu wengi hawaifahamu. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima, ikiwa bado imefungwa katika seli zake, haikuwekewa kikomo. Kinachowekewa kikomo ni sukari huru, na katika kundi hilo shirika hilo liliingiza sukari ya mezani, asali, na pia sukari iliyomo katika juisi ya matunda, hata ile iliyokamuliwa nyumbani bila kuongezwa kitu. Ushauri wao ni kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, hiyo asilimia 5 ni gramu 25 hivi. Glasi yako ya asubuhi imekwisha kuupita mpaka huo kabla hujagusa chai.

Kuna jaribio moja dogo ambalo napenda kuwasimulia wagonjwa wangu kwa sababu linaeleweka bila hesabu. Lilichapishwa mwaka 1977 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Watu kumi walipewa matufaha kwa namna tatu, kila namna kwa siku yake: matufaha mazima, matufaha yaliyosagwa, na juisi ya matufaha, kiasi cha wanga kikiwa sawa katika namna zote. Juisi iliweza kumalizwa mara kumi na moja upesi kuliko matufaha mazima. Walioinywa walishiba kidogo kuliko walipotafuna, na ingawa sukari katika damu ilipanda karibu sawasawa kwa namna zote tatu, baada ya juisi insulini ilipanda juu zaidi, kisha sukari ikaporomoka ghafla, jambo ambalo halikutokea baada ya kula matufaha mazima. Matufaha yaliyosagwa yalikuwa katikati. Ukiwahi kujisikia mnyonge na mwenye njaa saa moja au mbili baada ya kunywa juisi nyingi, huenda ni mporomoko wa namna hiyo uliokupata.

Na hapo kwenye kushiba ndipo penye siri nyingine. Hakuna mtu anayekaa chini na kula machungwa matano kwa mkupuo mmoja. Taya huchoka, tumbo hujaa, na hamu huisha. Lakini juisi ya machungwa matano hupita kooni bila taarifa, na baada ya hapo mtu hula chakula chake chote kama kawaida. Tunda zima hujiwekea mpaka lenyewe.

Sasa niende kwa shemeji yako, ambaye hoja yake ni kwamba sukari ni sukari popote ilipo. Hoja hiyo ingekuwa sahihi, basi watu wanaokula matunda mengi wangeugua kisukari zaidi kuliko wasiokula. Kilichoonekana ni kinyume. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wafanyakazi wa sekta ya afya zaidi ya 187,000 kwa miaka mingi, na wakaona kwamba waliokula matunda mazima mara kwa mara, hasa zabibu, matufaha na buluberi, walipatwa na kisukari cha aina ya pili kwa kiwango cha chini, ilhali waliokunywa juisi za matunda kwa wingi walipatwa nacho kwa kiwango cha juu zaidi. Matunda ni yaleyale, ila yamepita kwenye mikono tofauti.

Nchini China, watu wazima wapatao nusu milioni waliandikishwa katika utafiti mkubwa kati ya mwaka 2004 na 2008. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliokula matunda mabichi kila siku walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata kisukari, kwa asilimia 12 hivi, ukilinganisha na wale ambao hawakuyala au waliyala kwa nadra. Linalomhusu shemeji yako zaidi ni hili: miongoni mwa watu ambao tayari walikuwa na kisukari, waliokula matunda zaidi ya siku tatu kwa wiki walikuwa na vifo vichache, kwa asilimia 17, na madhara machache zaidi ya kisukari, kuliko wale waliokula chini ya mara moja kwa wiki. Ni lazima niseme wazi kwamba tafiti za kufuatilia watu namna hii haziwezi kuthibitisha peke yake kwamba tunda ndilo lililoleta nafuu, kwa kuwa mlaji wa matunda huenda pia hutembea zaidi, havuti sigara, au ana kipato kizuri zaidi. Watafiti hujitahidi kuyaondoa mambo hayo katika hesabu zao, lakini hayaishi yote.

Ndiyo maana nathamini sana jaribio dogo lililofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2013. Watu 63 wenye uzito mkubwa, waliogunduliwa karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili, waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likaambiwa lile angalau matunda mawili kwa siku, na jingine likaambiwa lisizidishe mawili. Baada ya wiki 12 walipimwa kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari katika damu kwa miezi miwili au mitatu iliyopita, na haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Waliopunguza matunda hawakupata faida yoyote ya sukari kwa kujinyima kwao. Ni jaribio fupi, na washiriki wake ni wachache, lakini linajibu swali lilelile analouliza kila mgonjwa siku anapopewa habari za sukari yake.

Kiasi gani, basi? Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, ambazo ni sawa na mafungu matano ya gramu 80. Kwako wewe ningependa matunda yachukue mafungu mawili au matatu, na yanayobaki yawe ya mboga. Fungu moja ni chungwa moja dogo, au nusu ya tufaha kubwa, au ndizi moja ndogo, au kipande cha papai, embe au nanasi kinachoenea kiganjani. Usiyale yote kwa mara moja. Moja asubuhi, jingine mchana au jioni. Na sharti ambalo watu hulisahau ni kwamba tunda lichukue nafasi ya kitu, yaani ya biskuti, keki au soda uliyokuwa ukila saa hizo. Tunda linaloongezwa juu ya mlo ambao haukupunguzwa chochote litakupa vitamini, lakini pia litakuongezea kalori.

Matunda yenyewe hayalingani, ingawa tofauti zake hazistahili hofu inayoenezwa. Ndizi mbichi kidogo ina wanga mwingi usiomeng'enywa kwa urahisi, na kadiri inavyoiva hadi kutoka madoa meusi wanga huo hugeuka kuwa sukari. Kwa hiyo ichague ikiwa imeiva na bado ngumu. Tikiti maji lina sifa mbaya katika orodha za vyakula vinavyopandisha sukari upesi, lakini sehemu yake kubwa, zaidi ya asilimia 90, ni maji, na kipande cha kawaida kina sukari kidogo sana. Pera ni tunda ninalolipenda kuliko yote kwa watu wa hali yako, kwani gramu 100 zake zina nyuzinyuzi zaidi ya gramu 5. Parachichi lina sukari chini ya gramu moja katika gramu 100, na mafuta yake mengi ni ya aina isiyodhuru moyo, ila yana kalori nyingi, kwa hiyo nusu inatosha. Pale ninapokuwa mkali ni kwenye matunda makavu. Zabibu mbichi zina sukari kama gramu 16 katika kila gramu 100, ilhali zabibu kavu, ambazo maji yake yameondolewa, zina zaidi ya gramu 60, na mkono ukishaingia ndani ya pakiti huwa haujui kuhesabu. Matunda ya kopo yaliyolowekwa katika maji ya sukari yahesabu kama peremende.

Kuhusu kula matunda tumbo likiwa tupu, jibu ni fupi. Madai kwamba tunda likiliwa baada ya chakula huchachia au huoza tumboni hayana msingi, kwa sababu tumbo lina asidi kali ambayo bakteria wengi hawawezi kustawi ndani yake, na limeumbwa kuvunja vyakula vilivyochanganyika. Kwako hasa, tunda lililoliwa pamoja na mlo wenye protini na mafuta kidogo ni zuri zaidi, maana sukari yake itaingia taratibu. Liko pia jambo ambalo wasemaji wa hadithi hiyo hawalitaji: vitamini C ya tunda huusaidia utumbo kufyonza madini ya chuma yanayotoka katika maharage, dengu na mboga za majani, lakini ni pale tu vinapoliwa pamoja katika mlo mmoja. Ukilitenga tunda na chakula, unaupoteza msaada huo. Anayesumbuliwa na kiungulia anaweza kuyaepuka machungwa na mananasi akiwa na njaa, na hiyo ni habari nyingine.

Nije kwenye vidonge. Shemeji yako anaamini kwamba faida ya tunda ni vitamini, na vitamini zinauzwa dukani, kwa hiyo tunda halina kazi. Imani hiyo ina historia inayoeleweka. Mwaka 1747, daktari wa jeshi la majini la Uingereza aitwaye James Lind, akiwa ndani ya meli ya Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 waliokuwa na kiseyeye, ugonjwa unaotoa damu kwenye fizi na kufungua tena makovu ya zamani, akawagawa wawili wawili na kuwapa tiba sita tofauti, zikiwemo siki na maji ya bahari. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Ilichukua takriban karne mbili kukitambua kitu chenyewe kilichowaponya, na Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi iliyohusu vitamini C. Kuanzia hapo ilikuwa rahisi kudhani kwamba tunda ni kifurushi tu, na kilicho cha maana ni kidonge kilichomo ndani yake.

Kwa kiseyeye dhana hiyo inafanya kazi, kwa sababu kiseyeye ni upungufu wa kitu kimoja. Kwa maradhi ya moyo, saratani na kisukari, dhana hiyo iliwahi kuleta maafa. Ilikuwa imeonekana kwamba watu wanaokula matunda na mboga zenye betakarotini, ile rangi ya manjano ya embe na papai ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hawapatwi sana na saratani ya mapafu. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 wakapewa ama vidonge vya betakarotini, ama vya vitamini E, ama vyote viwili, ama visivyo na dawa, na wakafuatiliwa kwa miaka kati ya mitano na minane. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliomeza betakarotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18, kuliko wasioimeza. Jaribio jingine la Marekani lililokuwa na lengo kama hilo lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu hiyohiyo. Kitu kimoja kilichong'olewa kutoka katika tunda na kumezwa kwa wingi hakikuwa tena kile kilichokuwamo ndani ya tunda.

Sisemi kwamba vidonge vyote ni sumu. Mjamzito hupewa asidi ya foliki kwa sababu nzuri sana, na mwenye upungufu uliopimwa hutibiwa kwa vidonge. Lakini mtu mzima anahitaji vitamini C miligramu zisizofika 100 kwa siku, na chungwa moja la wastani hukaribia miligramu 70, huku pera moja likipita mahitaji ya siku nzima. Kidonge cha miligramu 1,000 kinakupa nini cha ziada? Sehemu kubwa ya ziada hiyo hutolewa kwenye mkojo. Hata mafua, ambayo kwayo vidonge hivi huuzwa sana, hayazuiliwi kwa watu wa kawaida wanaovimeza kila siku; hupunguzwa siku zake kidogo tu.

Kwa kuwa umetaja shinikizo la damu na lehemu, matunda yana kazi mbili zaidi kwako. Ya kwanza ni potasiamu, madini yanayosaidia figo kutoa chumvi mwilini na kulegeza kuta za mishipa ya damu. Ndizi moja ya wastani ina kama miligramu 400, na mtu mzima anashauriwa apate angalau miligramu 3,510 kwa siku, kiasi ambacho wengi hawakifikii. Katika jaribio maarufu la Marekani lililochapishwa mwaka 1997, watu 459 walilishwa vyakula vilivyopimwa kwa wiki nane. Mlo uliojaa matunda na mboga ulishusha namba ya juu ya kipimo cha shinikizo kwa takriban milimita 2.8 za zebaki, na ulipoongezewa maziwa yenye mafuta kidogo na kupunguzwa mafuta mengine, uliishusha kwa 5.5, na zaidi ya hapo kwa waliokuwa na shinikizo la juu tangu mwanzo. Kazi ya pili ni ile pektini tena: inaposhikana na asidi za nyongo utumboni na kutoka nazo kwenye choo, ini hulazimika kuchukua lehemu kutoka katika damu ili litengeneze nyongo nyingine. Kinachobaki cha nyuzinyuzi huliwa na bakteria wema wa utumbo mpana, ambao hukitumia kutengeneza asidi zinazolisha kuta za utumbo huo. Na choo huwa laini, faida ambayo watu huona haya kuitaja lakini ndiyo wanayoihisi kwanza.

Lakini hapo kwenye dawa zako simama kidogo. Hukutaja majina yake, kwa hiyo sikiliza: kama dawa ya lehemu ni simvastatini au atorvastatini, au dawa ya shinikizo ni felodipini au nifedipini, usile balungi wala kunywa juisi yake hadi umwulize mfamasia wako. Balungi lina kemikali zinazokizima kimeng'enya cha utumboni ambacho kazi yake ni kuvunja sehemu ya dawa hizo kabla hazijaingia katika damu. Kimeng'enya kikizimwa, kidonge kimoja huweza kufanya kazi kama vidonge kadhaa. Shinikizo hushuka kupita kiasi, au misuli huanza kuuma na kuharibika. Kutenganisha saa za kula tunda na za kumeza dawa hakusaidii, kwani athari hiyo hudumu zaidi ya siku nzima. Machungwa matamu ya kawaida hayana shida hiyo.

Mambo madogo ya mwisho kabla sijafunga. Osha kila tunda kwa maji safi yanayotiririka, bila sabuni, hata lile ambalo ganda lake haliliwi, kwa sababu kisu hubeba vijidudu kutoka kwenye ganda hadi kwenye nyama ya tunda. Mwaka 2011 nchini Marekani watu 33 walikufa kwa bakteria aina ya listeria waliokuwa kwenye matikiti ya aina moja kutoka shamba moja, na wengi wa waliokufa walikuwa wazee. Tunda lililokatwa liwekwe kwenye friji mapema, lisikae nje zaidi ya saa mbili. Na baada ya kula matunda yenye uchachu, sukutua kwa maji, kisha ngoja nusu saa kabla ya kupiga mswaki, maana asidi hulainisha tabaka la juu la jino kwa muda na mswaki hulikwangua.

Mashine ya juisi msiitupe. Ikiwa ina uwezo wa kusaga tunda zima bila kuchuja, itumieni hivyo mara mojamoja, tunda moja kwa glasi moja, na muinywe taratibu. Si sawa na kutafuna, lakini ni afadhali kuliko kukamua. Asubuhi mwombe mke wako akumenyee chungwa badala ya kulikamua, na akuachie ile nyama nyeupe inayoshika vipande, kwani pektini nyingi iko humo. Fanya hivyo kwa miezi mitatu, huku ukitembea kila siku kama ambavyo bila shaka daktari wako amekuagiza, kisha rudi kupima, na safari hii omba kipimo cha wastani wa sukari pamoja na kipimo cha figo.

Hicho cha figo nakitaja kwa makusudi, na kinanirudisha kwa shemeji yako. Mtu aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi anaweza kuwa na figo zilizochoka, na figo zikichoka hushindwa kuitoa potasiamu, ambayo ikijaa katika damu huvuruga mapigo ya moyo na huweza kuua. Mgonjwa wa namna hiyo hupunguziwa matunda mengi na daktari wake, ndizi na parachichi zikiwa za kwanza, na kuna tunda moja lenye umbo la nyota, karambola, ambalo kwake ni sumu kabisa. Inawezekana, basi, kwamba katazo alilonalo shemeji yako lilitolewa kihalali kwa ajili ya figo zake, na miaka ilivyopita akalikumbuka kama katazo la sukari. Muulize alikatazwa na nani, na alikatazwa yapi hasa. Kama ni daktari wa figo, asibadilishe kitu kwa sababu ya maneno yangu haya. Kama hakuna aliyemkataza, aende apimwe figo zake, na zikionekana nzima, mkaribishe chungwa.